Picha Moja Safi ya Jarrod

Ruba wa tatu alikuwa ameshafika shingoni, na bado Glenys hakuthubutu kuinua mkono amng'oe. Alilala kifudifudi kwenye tope, chini ya makangaga, kamera jichoni, kidole juu ya kitufe. Hatua tano mbele yake ulichomoza mwamba ambao waendesha baiskeli wa mji mdogo wa Derby wanauita Jino. Juu yake, ndani ya ukungu, matairi yalisikika yakikwaruza mawe. Kisha kimya.

"Shangazi!" Jarrod aliita kutoka juu. "Uko tayari, au umepitiwa na usingizi?"

"Niko tayari!"

"Leo ukinikata kichwa tena, nakuacha humuhumu kangaruu wakulee!"

Glenys alicheka, jicho likiwa bado kwenye kamera.

Wiki sita zilikuwa zimepita tangu Jarrod amkute kwenye mkahawa wa pai, mama wa miaka hamsini na minane anahangaika na lenzi mpya, akamwonea huruma. Jarrod mwenyewe alikuwa amepiga picha za mashindano miaka mingi. Akamwambia njoo msituni, nitakufundisha.

Na kweli alimfundisha. "Usiifukuze baiskeli, itakushinda. Mfuate mtu angali mbali, geuka naye kwa kiuno, taratibu, kama unayemvizia kuku." Mwanzoni Glenys alirudi na picha za miti mitupu na tope. Baadaye akaanza kumpata: Jarrod kwenye kona, matope yanaruka, Jarrod amejitwisha baiskeli begani, anapanda mlima.

"Nzuri hii!" Jarrod alikuwa akisema.

"Uso hauonekani."

"Nani anajali uso? Watu wanataka matope!"

"Mimi nautaka uso."

Siku moja alimpokonya kamera kwa utani. "Na hii tarehe inayojiandika pembeni inaharibu picha. Ngoja nikuzimie."

"Iache," Glenys alisema upesi. "Mimi husahau siku."

"Uzee huo, shangazi."

Asubuhi ya leo Jarrod hakulitaka Jino. Chini ya mlima alisimama ameegemea mti, mkono kiunoni, midomo imempauka. "Jino hapana. Mgongo umenikaba tangu jana. Hata soksi alinivua Tegan," alisema. Tegan ni mkewe. Wiki iliyopita alimpikia Glenys supu ya maboga na kumsindikiza hadi kwenye gari.

Basi tuache. Maneno hayo yalimfika Glenys kwenye ncha ya ulimi. Akayameza.

"Mara moja tu," alisema. "Nina leo peke yake. Kesho narudi Hobart."

Jarrod alimtazama, kisha akatikisa kichwa akitabasamu. "Haya. Kwa ajili yako tu. Na miwani nitaivua, maana najua utaanza." Akashika usukani, akaanza kupanda. "Halafu nikwambie siri? Kule juu, zile sekunde mbili hewani, ndipo pekee ninaposahau kuwa nina mgongo."

Sasa breki zililegea. Glenys aliusikia mlio wa matairi ukikua, akahesabu moyoni. Ukungu ulipasuka. Jarrod alitokea ukingoni mwa Jino, akaliacha, akapaa. Uso wake ulikuwa wazi, mdomo umefunguka, na miale michache ya jua iliyopenya kwenye majani ikampiga shavuni. Glenys alizunguka naye kwa kiuno, taratibu, akabonyeza, akabonyeza.

Gurudumu la mbele lilitua kwenye mizizi iliyolowa, likateleza. Usukani ulipinda. Baiskeli ilikwenda huku, mtu akaenda kule.

"Jarrod!"

Alimkuta amelala chali, macho ameyafumba, anapumua huku ameuma meno. "Usiniguse. Nipe dakika."

Glenys alipiga magoti. Jarrod alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, akaubana hadi vidole vikamuuma. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni. Maji yalidondoka kutoka kwenye miti, tone baada ya tone, na Glenys hakuweza kuyatazama machozi yale wala kuyapa kisogo.

Hatimaye Jarrod alichezesha mguu mmoja, kisha wa pili. Akafumbua macho.

"Umeipata?"

Glenys alimwonyesha kioo cha kamera. Jarrod alikivuta karibu na macho. Kila unywele wa nyusi zake ulionekana.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Nimekaa angani kama mtu asiyeumwa na kitu." Alikigusa kioo kwa kidole. "Miaka yote hii sijawahi kupigwa picha kama hii. Umehitimu, shangazi. Nitumie, Tegan aitundike sebuleni."

"Utaiona Jumatano." Glenys alifunika lenzi.

"Jumatano sipo. Nakuja hukohuko kwenu Hobart, mahakamani. Nina kesi ya gogo lililoniangukia kwenye kiwanda cha mbao." Alijaribu kucheka, maumivu yakamzuia. "Watu wa bima wamekazana, hawataki kunilipa, eti mgongo wangu ni mzima."

Glenys aliutoa mkono wake polepole kutoka kwenye mkono wa Jarrod.

"Najua," alisema. "Ndiko utakakoiona."