Kasha la Miguu Mirefu

Miguu ya kasha ilikuwa mirefu mno. Zamda aliipima kwa shubiri, akarudia, na mara zote mbili ikatoka mbili na nusu. Makasha ya watu hukaa chini, mwenye nayo akainama. Hili, pamoja na kifuniko, lilimfika Zamda kifuani.

Kwa hiyo huyo mwanamke ni mrefu, akajisemea. Zamda mwenyewe alikuwa mfupi, na jambo hilo lilimuuma kuliko yote.

Mumewe, Mfaume, wala hakuwa seremala. Alikuwa karani wa stesheni, mtu wa karatasi na mihuri, ila akitoka kazini alivua shati akashika randa. Nusu ya nyumba za Gongoni zilikuwa na kitu cha mkono wake: kigoda, rehali ya kusomea Kurani, kijisanduku cha sukari, na sukari yenyewe siku hizo ya foleni. Hakuuza. Alitoa bure, kisha akapita kuchungulia kama kinatumika. Mkewe alikuwa na kigoda kimoja, nacho kilikuwa kinayumba.

Lakini kasha la mninga, lenye kufuli na misumari ya shaba, hapewi jirani. Kasha la namna hiyo huenda kwa bibi harusi, na mtaani hakuna asiyejua.

"La nani?" Zamda aliuliza.

"La mwenyewe," Mfaume akajibu, anapiga msasa.

"Na miguu yote hiyo?"

"Hapendi kuinama."

Haya, hapendi kuinama. Malkia huyo. Tangu siku ile Zamda hakutulia. Alitia chumvi mara mbili kwenye mboga, akafagia ua uliokwisha fagiwa, akaenda kisimani akarudi na ndoo tupu. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na sasa analetewa mke mwenziwe, tena kwa kasha ambalo yeye hakupewa.

Jumatano akaenda Kwihara kwa mama yake, Bi Mwanamkuu. Tangu watu wapangwe katika kijiji kipya, nyumba zilikaa kwa mistari, na mama, mjane wa miaka tisa, alikuwa amepata majirani wa karibu. Paa la jiko lake lilikuwa limeezekwa upya. Zamda hakuuliza na nani. Alikuwa na yake.

"Mfaume anaoa," akasema, akalia.

Mama aliacha kuchambua karanga. "Kakwambia?"

"Kasha limeniambia."

Bi Mwanamkuu aliinuka taratibu, mkono kiunoni, maana mgongo ulikuwa ukimsumbua. Akazunguka ua, akaokota kijiti, akakitupa, akakiokota tena.

"Mwanangu, na kama huyo mwanamke ni mpweke tu? Kama naye ametaka mtu wa kumwuliza ameamkaje? Utamchukia?"

"Nitamtia aibu mbele za watu."

Mama akarudi kwenye karanga zake. Alimfungia karanga kwenye kitambaa, akamhimiza awahi kurudi kabla ya mvua, na mbinguni hapakuwa na wingu hata moja.

Alhamisi Mfaume alikula kidogo, akanawa, akasema bila kumtazama, "Jumamosi nenda kwa mama. Ana neno na wewe."

"Neno gani?"

"Mimi mkwe, Zamda. Siwezi kulitia mdomoni."

Zamda akaelewa, au alidhani ameelewa. Bwana anaoa Ijumaa, halafu Jumamosi mama mkwe ndiye abebeshwe kazi ya kumbembeleza bintiye. Mwanamume mwoga kama huyu hajapata kumwona.

Ijumaa baada ya sala, Mfaume alilifunga kasha kwa mipira juu ya karia ya baiskeli, akalifunika gunia, akaondoka akisukuma. Zamda akajitanda kanga, akamfuata kwa mbali. Ni njia ya zamani, wapagazi waliipita na pembe za ndovu mabegani, lakini hakuna aliyebeba mzigo kama wake siku ile. Baiskeli ilipokata kuelekea Kwihara, alikaza mwendo. Yaani mtu huyu hana haya hata chembe. Anaoa kijiji kile kile cha mkwewe.

Zamda alipitia kwa mama amchukue, waende wawili. Mlango ulikuwa umefungwa na jiko limepoa. Bila shaka wamemwita akasaidie kupika pilau la huyo adui, na kwa upole wake amekwenda.

Vigelegele vilitoka nyumba ya tatu. Mfaume alikuwa mlangoni, mikono mitupu, kasha limekwisha ingizwa ndani. Alipomwona mkewe alikosa pa kusimama.

"Zamda, ngoja kwanza."

Zamda akampita. Ndani wanawake waliinuka kumzuia. Mmoja alimshika mkono, akauchomoa. Bibi harusi alikaa mkekani, amefunikwa kanga gubigubi, nyayo zake nyekundu kwa hina, na kasha liko ubavuni pake.

Zamda aliyamwaga yote. Kwamba mwanamke mwenye haya hanyemelei mume wa mtu. Kwamba kasha hilo na limwozee. Machozi yalimshuka, na bado hakukoma.

"Wewe mama yako hakukufunza adabu?" akamalizia.

Mkono wenye hina ukatoka chini ya kanga, ukaifunua pole pole.

"Anza na shikamoo, mwanangu," alisema bibi harusi. "Kisha nipe mkono niinuke. Mgongo wangu unaujua."