Redio Mbovu ya Bwana Kobe

Barazani kwake, Fundi Songoro alirudisha nyuma kipande kile cha video kwenye simu yake kwa mara ya nne. Kwenye katuni, Bwana Kobe aliigonga redio yake mbovu mara mbili kabla ya kutoka nyumbani, na kichekesho kikaishia hapo.

"Anaiaga kwa sababu hana mke," alisema Songoro.

"Anawasema wakubwa," alibisha jirani yake, Tunu. "Hiyo redio ni wao."

Makame, ambaye kwa kawaida husikiliza tu, safari hii alitabasamu. "Kuna kitu ndani. Redio mbovu nani ataifungua?"

Wote wakamsifia. Mkewe, Mwanahawa, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, aliusimamisha mkono juu ya ungo.

"Umejuaje, baba Riziki?"

"Nakisia tu," alisema Makame, akainamia chai yake.

Mwanahawa akaaga, akisema anakwenda kuanua nguo. Nyumbani, aliishusha kutoka juu ya kabati redio yao iliyokufa miaka sita iliyopita, ambayo Makame hakutaka itupwe. Akaigeuza. Mgongo mzima ulikuwa na vumbi, isipokuwa skrubu nne zilizong'aa.

Alichukua kisu cha vitunguu. Skrubu ya kwanza ilizunguka bila ubishi, kama kitu kilichozoea kufunguliwa.