Mashine ya Njia Mbili

Mjomba Mithika aliinua mashine upande mmoja, akachungulia tumboni mwake kama anayekagua mbuzi wa mahari, kisha akauliza ina umri gani.

"Imetoka kiwandani juzi tu, mzee wangu," alisema Njoki, muuzaji wa duka la vyombo vya muziki mjini Embu. Alikuwa ameuzia spika walevi na wachungaji, lakini hajawahi kuona mtu akipapasa mashine ya dijei akitafuta mbavu.

Bundi, mpwa wa mzee, alijifuta jasho. Jumamosi ukoo wake ungetoka Meru kwenda Kibugu kumposa Rwamba. Mbuzi walikuwa tayari, asali tayari, tangi la maji la mama mkwe limeshafungwa kwenye pikapu. Kilichobaki ni hiki, na mamake Rwamba alikitaja kwenye simu mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

"Na mashine ya dijei. Msipokuja nayo, mwanangu, hata chai hamwonji."

"Ni ya nani, mama?"

"Mwenyewe anajijua. Akinuna huyo, hapa haolewi mtu."

Bundi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kila alipokwenda Kibugu alimkuta Munene, kaka mkubwa wa Rwamba, amelala kwenye kochi, hedifoni kubwa shingoni, begi la nyaya miguuni. Majirani nao walikuwa wamemwambia kwamba wikendi nyumba ile hutetemeka, mpaka wachuma chai ng'ambo ya bonde wanachuma kwa mdundo.

"Mwenye kuitumia ameshazoea, au ndiyo anaanza?" Njoki aliuliza.

"Anaanza. Tena mvivu. Huyo hata chai anakorogewa."

"Basi hii ya njia mbili inamtosha. Wimbo mmoja unacheza kushoto, mwingine unangoja kulia. Anaichomeka kwa laptopu, na programu ya kuanzia inakuja nayo bure. Halafu kuna hiki kitufe: ukikibonyeza, midundo inalingana yenyewe. Hata mwenye masikio ya mbao hapotei."

"Na lile?" Mjomba Mithika alionyesha dude lililolala kwenye rafu ya juu, pana kama meza ya madhabahu.

"Hilo ni la njia nne. La watu walioiva."

"Chukua hilo," mzee alimwambia Bundi. "Sijawahi kuona mbuzi wa miguu miwili akipokelewa."

"Mjomba, yule hata hii ndogo itamshinda."

Simu ya Bundi ililia. Ilikuwa Rwamba. "Vitufe viwe na taa, mpenzi, gizani haoni vizuri. Na isiwe nzito sana. Munene analalamika mgongo."

"Umesikia?" Bundi alimwambia mjomba wake. "Mgongo. Na analala kutwa."

Njia mbili ikafungwa kwenye boksi. Walipofika mlangoni, mzee alisimama ghafla.

"Na nyanya yake binti? Umenunua blanketi lake?"

"Nyanya hakutajwa, mjomba."

"Haiwezekani. Tangu nianze kupeleka mahari za watu, hakuna nyanya aliyeachwa bila blanketi."

Ili kuwe na amani, Bundi alinunua blanketi jekundu, zito, akaifungia mashine ndani yake isikwaruzwe njiani.

Siku yenyewe boma lilijaa mpaka kwenye kibanda cha ng'ombe. Kibugu harufu ya pilau haihitaji kadi ya mwaliko. Mbuzi walikaguliwa meno, wakapita. Asali ilionjwa, ikaonjwa tena na watu ambao hawakuhusika. Tangi liligongwagongwa. Hapo ndipo Rwamba akaitwa kutoka jikoni, akasimama kando ya mamake, na Bundi alipomwona akitabasamu alijua mambo yameiva.

"Kuna kitu kingine," mama mkwe alikumbusha, macho chini.

Bundi alibeba furushi lake mpaka kwa Munene, aliyekuwa amesinzia ukutani. "Shemeji," alisema, watu wote wasikie, "anza polepole. Kila fundi alikuwa mwanafunzi."

Mtu fulani alikohoa.

Munene alifumbua jicho moja. Akasimama kwa kuugulia mgongo, akavua hedifoni shingoni, akabeba furushi, akavuka uwanja mzima hadi kwenye kiti cha pembeni alipoketi Shosho Cicily, nyanya yake Rwamba, mwembamba kama mche wa chai, miguu haigusi chini. Akamvisha hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa. Kisha akafungua furushi, akamwekea mashine mapajani, akajifunika lile blanketi jekundu na kurudi kulala.

Shosho alipitisha vidole juu ya vitufe. Akazungusha sahani ya kushoto. Akazungusha ya kulia. Akatafuta njia ya tatu, mkono ukapapasa hewa. Mwishowe ukucha wake ulitua juu ya kitufe kimoja.

"Hiki ni cha nini?"

"Kinalinganisha midundo, shosho." Bundi aliinama kumwonyesha. "Ni cha kumsaidia anayeanza."

Shosho Cicily aliinua sikio moja la hedifoni.

"Nani anaanza?"

Mjomba Mithika aliwatazama mbuzi wake mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na miguu yake minne.

"Rwamba," shosho alisema, "rudi jikoni, mama. Wageni bado hawajafika."