Glavu Moja na Neno Ngoja

Chaki mkononi mwa Zilpah ilizidi kupungua, na ubaoni hakukuwa na neno hata moja.

Walter aliiona akadhani ni hofu. Hata yeye alikuwa nayo. Mister Pritchard, mkuu wa ofisi, alisimama mbele ya meza ya Zilpah, shemeji yake Walter, ameshika karatasi ndefu iliyotoka kwenye mashine ya kuchapa.

“Wa-sha,” alisoma, ulimi ukimgomea. “Zi-ma. Ni-goja. Hii ‘nigoja’ ni kitu gani, Missis Otieno?”

“Ngoja, sir. Ni kusubiri. Tanuri likizidi joto, kompyuta inangoja.”

“Na kwa nini isisubiri kwa Kiingereza?”

“Kompyuta haijali, sir. Ndiyo maana nilichagua lugha ya Algol. Inaniachia niviite vitu majina ninayoyataka.”

Pritchard aliibwaga karatasi mezani. Birmingham nzima, alisema, watu wanaiandikia kompyuta kazi zake kwa Fortran au Cobol, lugha ambazo kila aliyesomea mambo hayo anazijua. Zilpah peke yake ndiye aliyeng'ang'ania Algol, na ndani ya Algol akatia maneno ya kwao. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu mambo yalikwenda vizuri. Sasa matanuri yote ya shaba yalikuwa yanaitii programu hiyo. Ikisimama, shaba inaganda tumboni mwa tanuri, na tanuri limekufa.

“Umejipigilia misumari kwenye kiti, mama. Unajua hatuwezi kukuondoa. Lakini afadhali nirudishe wanaume wa kushika valvu kwa mikono kuliko kushikwa shingo na mtu mmoja. Saa kumi na moja utamweleza mwenye kiwanda mwenyewe.” Akamgeukia Walter. “Na wewe uliyemleta, uje. Mtatoka pamoja au mtabaki pamoja.”

Mlango ukafungwa kwa kishindo.

Walter alikuwa na mke na watoto watatu Erdington, na kazi yake ilikuwa kulisha kompyuta kadi zenye matundu. Kazi nyingine safi kama hiyo, kwa mtu mweusi mwaka ule wa 1974, hakujua angeipata wapi.

“Shemeji,” alisema kwa Kiswahili, “mwambie utaandika upya kwa Fortran. Unataka tukale wapi?”

“Kwako. Mkeo anapika vizuri.”

“Sifanyi mzaha.”

“Najua, shem.” Zilpah alimmiminia chai kutoka kwenye chupa yake, kikombe chote, yeye asibakize kitu. “Wewe soma hapa. Unaelewa?”

“Maneno naelewa. Hizi nukta na mikia na mabano, hapana.”

“Basi. Wewe una Kiswahili, huna Algol. Vijana wa chuo kikuu wana Algol, hawana Kiswahili. Anatakiwa mwenye vyote viwili.”

“Yaani wewe tu! Pritchard kasema kweli, umejipigilia misumari.”

Zilpah alinyoosha mkono kwenye bomba la joto ukutani, akaigeuza glavu yake nyekundu ya sufu ili ikauke upande wa pili. Ilikuwa glavu moja tu, ya mkono wa kushoto. Walter aliijua habari yake. Katika baridi yake ya kwanza, Zilpah alisimama kituo cha basi akinung'unika, “Mungu wangu, vidole vyangu!” Mwanamke wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, akamjibu kwa Kiswahili, “Pole, dada,” akavua glavu moja akampa. Hakuwa na jozi nyingine. Tangu hapo kila mmoja alivaa yake, mkono wa pili mfukoni, wakienda pamoja darasa la jioni.

“Nunua jozi mpya,” Walter alisema, ili aseme kitu.

“Hii inatosha.”

Saa kumi na moja walipanda juu. Mister Coombes, mwenye kiwanda, mzee mnene mwenye kikohozi, hakuwakaribisha kuketi.

“Nimeambiwa umetufunga kamba,” mzee alisema. “Unataka nini? Cheo?”

“Sitaki kitu, sir. Nimekuja kuaga.” Zilpah alizungumza polepole, mkono mmoja juu ya tumbo. “Mwisho wa mwezi ujao naondoka. Mtoto anakuja.”

Walter alimtazama, kisha akaitazama ile chaki iliyobaki kama punje ya hindi kati ya vidole vyake, ncha yake imelowa mate. Akayakumbuka yale mawe laini ya kutafuna ambayo mama yake alikuwa akiyanunua sokoni Kisumu kila alipobeba mimba.

Pritchard aligeuka mweupe kuliko ile chaki. “Huwezi kuondoka! Matanuri je? Nani ataisoma hiyo ‘nigoja’ yako?”

“Yupo mmoja, sir. Tulisoma Algol darasa moja. Anangoja hapo nje.”

“Basi mwite!” mzee alifoka. “Mwite haraka, na hiyo kazi ni yake!”

Zilpah alifungua mlango. “Bhanumati, karibu.”

Mwanamke mwembamba aliingia, sari chini ya koti, glavu nyekundu mkono wa kulia. Pritchard alipomwona aliangalia sakafu. Mara mbili mwaka ule alikuwa amemwambia, getini, kwamba nafasi zimejaa.

Bhanumati aliichukua ile karatasi ndefu kutoka kwa Pritchard kwa mkono ule usio na glavu, akainyoosha mikunjo, akamsomea polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto:

“Si ‘nigoja’, Mister Pritchard. Ngoja.”