Amefika kwa Karatasi

Tangu wafanyakazi wa ng'ambo waanze kurudishwa makwao kwa hati za benki kama shehena, anayeandikwa amefika huhesabika amefika. Mwanahawa, mkaguzi wa hati katika benki moja ya Tanga, alilijua hilo kuliko wengi. Barua ya dhamana ya kumrudisha mumewe, Shekue, haikusema ifuate kanuni zipi: za mzigo, zinazotaka mtu aonekane kwa macho, au za karatasi, zisizouliza lolote. Kwa mazoea ya kazi, akagonga muhuri wa kanuni za karatasi: amefika.

Wiki ya tatu sasa anapakua wali mbele ya kiti kitupu, maana sheria inataka aliyefika atengewe chakula.

Siku hiyo akiwa mezani na bintiye, simu ikalia.

“Mama Riziki, bado nimekwama bandarini huku,” alisema Shekue. “Kila nikitaka kupanda meli naambiwa nimeshafika nyumbani. Hivi nani kagonga muhuri bila kuniona?”

Mwanahawa akapaza sauti. “Baba Riziki, nisikilize...”

Riziki, binti yao wa miaka mitano, akamvuta kanga.

“Mama, ongea polepole,” alinong'ona, akikitazama kile kiti. “Baba anakula.”