Blanketi la Pimbi

Mlimani kwenye baridi kali, Pimbi mwenye huruma na jirani yake Fuko mwenye subira walipanda shayiri ya aina moja. Fuko alipanda shambani. Pimbi alipanda kwenye makapu. Mchana aliyaanika juani, usiku aliyaweka karibu na moto na kuyafunika blanketi lake.

"Jirani, shayiri yako inalala kwenye barafu!" alifoka Pimbi. "Huoni hata haya?"

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alijibu Fuko.

"Hayo ni maneno ya asiye na moyo!"

Baridi ilipokwisha, shayiri ya Fuko, iliyokuwa imelala kama nyasi zilizokanyagwa, iliinuka ikatoa masuke. Ya Pimbi ilitoa majani marefu, mazuri, lakini suke halikuonekana hata moja.

Pimbi akalia. Fuko akamletea debe la shayiri, nusu ya kula, nusu ya mbegu.

"Hii isipopigwa na baridi haijui kwamba mwaka umegeuka," alimwambia, "basi haizai."

Msimu uliofuata Pimbi alipanda shambani. Barafu ya kwanza ilipotanda, alitoka mbio na blanketi lake. Alisimama mbele ya miche, akaitazama sana. Kisha akajifunika mwenyewe.