Chumba Hadi Saa Nane

"Mama, unaacha bafu lote hili?" aliuliza Falonne wa mapokezi, akinionyesha picha ya chumba kikubwa.

Ilikuwa safari yangu ya tano Johannesburg, na tovuti ninayotumia kuweka nafasi za hoteli ilikuwa imenipandisha daraja. Nichague kimoja: chumba kikubwa bure, au kutoka saa nane mchana badala ya saa nne asubuhi.

"Viatu vya jumla vinaletwa kesho saa tano," nikamwambia. "Basi langu ni saa tisa. Nikavifungie barabarani?"

"Wengine wanachagua bafu."

"Wengine hawauzi viatu Tanga."

Akacheka, akaandika saa nane.

Kesho yake nilikaa sakafuni katikati ya maboksi matupu, nikisokomeza soksi za watoto, nazo za kuuza, ndani ya kila kiatu ili pasipotee nafasi. Jozi mia na ishirini zikaingia kwenye mabegi matatu. Zipu ya mwisho ilifungika saa saba na robo. Nikajilaza kitandani.

Simu ya chumbani ikalia.

"Mama, unatoka?" aliuliza Falonne.

"Bado nina dakika arobaini na tano, mwanangu. Niache nilale."